Alama Nyekundu Sakafuni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za baba na za mama, kwa mpangilio huo kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichopanda nacho basi mwezi wa nne hukufika nacho mbali. Sisi hapa hatujambo. Magoti ya baba yanamsumbua asubuhi na kumsamehe mchana. Mama yu mzima, na amesema nikuulize kama unakula au unalidanganya tumbo kwa chai. Mimi pia ni mzima, isipokuwa jambo moja nitakalolifikia kwa zamu yake. Usiruke kurasa kulitafuta.

Najua imepita miezi sita hujaniandikia hata mstari. Salamu zako hunifikia kupitia kwa mama, na zimekuwa zikipungua kama sabuni, mpaka mwezi uliopita nikaambiwa tu kwamba umesema hujambo. Silalamiki. Naandika kwa sababu nina habari, na kwa sababu nataka mimi na wewe tuzungumze tena kama zamani. Ukimaliza kusoma ukaona bado sistahili jibu, nitakuwa angalau nimekupa habari kamili.

Habari ya kwanza ni spika ulizomtumia baba. Zilifika Ijumaa, salama, bila mkwaruzo. Nilikuwa nimekuja kukaa nao wiki moja ya likizo, kwa hiyo nilishuhudia. Baba alilifungua boksi kwa kisu cha jikoni, taratibu, akifuata utepe bila kuigusa karatasi, kama mtu ambaye huenda akatakiwa alirudishe. Alizitoa, akazigonga mbao kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji, akasikiliza, halafu akasema kwamba huyu mtoto ana macho. Mama alikuja na kitambaa cha vumbi mkononi, akazizunguka, akauliza hayo makabati mawili yanakusudia kulala wapi, maana sebule yake ina watu tayari.

Unakumbuka kwamba mtu huyu amefanya kazi ya ufundi wa sauti redioni miaka thelathini na mmoja. Amewapangia wengine sauti maisha yake yote, na nyumbani amekuwa akisikiliza ile redio ya juu ya friji, yenye spika moja na kifuniko kilichopasuka. Sijui kama uliliwaza hilo ulipozinunua. Nadhani uliliwaza. Usiku ule aliacha taarifa ya habari isomwe bila yeye, akakaa anachora sebule nyuma ya kalenda.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Kazi yenyewe, kwa maelezo yake, si ngumu ila ina adabu. Spika hazibandikwi ukutani, kwa sababu besi hugonga ukuta ikavimba na kufunika maneno. Haziwekwi kwenye kona ya chumba kwa sababu hiyo hiyo mara mbili. Midomo yake midogo, ile inayotoa sauti nyembamba, iwe usawa wa masikio ya aliyeketi. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti, ili pembe zote tatu zilingane. Kisha zigeuzwe uso kidogo kumwelekea msikilizaji, kama watu wawili wanaokusikiliza wewe. Ukifanya hivyo, alisema, mwimbaji atatoka ndani ya maboksi na kusimama katikati, hewani, mahali ambapo hakuna kitu. Mama akasema kwamba asimame, mradi asimwangushie vikombe.

Ilibidi kabati la vyombo lisogezwe, na mama alilisogeza kwa masharti. Zile stuli mbili za jikoni zikawa miguu ya spika. Mkeka ukahamishiwa katikati, kwa sababu sakafu tupu huitupa sauti. Baba alikuwa anafurahi, mdogo wangu. Alikuwa anapiga mluzi.

Halafu akatoa sharti la kazi yao. Redioni walikuwa na msemo kwamba anayesukuma hasikilizi, na anayesikiliza hasukumi. Aliyesukuma huanza kulipenda jasho lake, akasikia anachotaka kusikia. Kwa hiyo mmoja huketi kwenye kiti amefumba macho na kusema tu sauti iko wapi, na mwingine husukuma bila kubishana. Futi haitolewi mpaka sikio limeridhika. Nikajua atanipa mimi kusukuma, kwa ajili ya magoti yake. Hakunipa. Alisema kwamba yeye ana binti anayelipwa kwa kusikiliza watu, na itakuwa aibu kulilaza bure sikio la namna hiyo. Nikaketi.

Kwenye ile gramafoni yake ya zamani, iliyokosa spika miaka mingi, aliweka santuri ya mwanamke mmoja na gitaa moja. Aliichagua kwa sababu aliirekodi yeye mwenyewe, na anajua yule mwanamke alisimama wapi. Nikafumba macho. Akauliza yuko wapi. Nikasema yuko kulia.

Akaisogeza spika ya kushoto mbele kiasi cha kiganja. Nikasema bado yuko kulia. Baba akatazama dirisha. Kulia kwangu kuna dirisha kubwa lisilo na pazia, kushoto kuna lile pazia zito la mlango wa korido. Alisema kioo huirudisha sauti na pazia huila, kwa hiyo chumba kinapendelea upande. Mama akatoa blanketi, tukalitundika dirishani kwa misumari, na sebule ikawa na giza kama stoo. Akarudisha sindano mwanzo. Nikasema yuko kulia.

Akazibadilisha spika zenyewe, ya kushoto ikaenda kulia, na nyaya zake nazo, kwa hoja kwamba kama kasoro iko ndani ya boksi moja itahama nalo. Haikuhama. Mama akauliza toka jikoni kama huyo mwimbaji ana deni upande huo. Basi ikawa ni kusogeza. Nikawa nasema kidogo tena, kidogo tena, na baba anasukuma ile ya kushoto kwa kitako cha mkono, anapumua kwa kelele, hadi saa sita hivi nilipomsikia yule mwanamke anasimama mbele yangu kabisa, kati ya nyusi zangu. Nikafumbua macho kwa furaha nikasema ndiyo, hapo hapo.

Nilichokiona kilinishangaza. Spika ya kushoto ilikuwa imetoka mbele peke yake katikati ya sebule, ile ya kulia imebaki nyuma. Mama alikuja mlangoni, akasema zimekaa kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikachukua futi. Unanijua. Kutoka kiti hadi spika ya kulia, mita mbili na sentimita kumi na nne. Hadi ya kushoto, mita moja na sentimita sabini na sita. Tofauti sentimita thelathini na nane. Niliziandika kwenye daftari.

Baba alikuja akaketi kwenye kiti changu. Akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima. Kwake yule mwanamke alikuwa kushoto, karibu aingie kwenye pazia. Akamwita mama. Mama akaketi na kitambaa chake cha vumbi mapajani, akasikiliza ubeti mmoja, akaonyesha kushoto kwa kidole kama anayeelekeza mgeni choo.

Mimi ndiye ninayewafundisha vijana ofisini kwamba habari haiandikwi mpaka iwe na vyanzo viwili visivyotegemeana. Siku ile nilikuwa na vyanzo viwili, vimeketi kimoja baada ya kingine, na nikavikataa vyote. Niliwaambia wazee wangu, kwa heshima lakini nikawaambia, kwamba masikio huchakaa na umri. Mama aliinua uso akanitazama. Baba alizirudisha spika zote mbili mahali zilipolingana, akapima mara mbili, kisha akaniomba nikigeuze kiti.

Sikuelewa. Akasema nikigeuze kabisa, niupe mgongo muziki na niutazame ukuta wa nyuma. Hilo nalo ni la kazi yao, hulitumia kujua kama kosa ni la chumba. Sasa dirisha likawa kushoto kwangu na pazia kulia kwangu. Kama chumba ndicho kilichokuwa kinampeleka yule mwanamke upande wa dirisha, angebaki upande wa dirisha. Nilifumba macho. Sindano ikashuka. Baba akauliza yuko wapi.

Alikuwa kulia kwangu. Alikuwa amehamia upande wa pazia.

Nilikaa hivyo hivyo, mdogo wangu, nimefumba macho mbele ya ukuta, na wimbo ukaendelea. Kosa lililokuwa linageuka na kiti halikuwa la chumba, wala la spika zako. Nilisikia stuli ikiburutwa. Baba aliketi, na aliketi upande wangu wa kulia. Aliniuliza ni tangu lini. Nikasema ni mwaka, pengine na miezi miwili. Akauliza nani anajua. Nikasema hakuna.

Aliniambia kwamba alishuku tangu saa tatu asubuhi, niliposema yuko kulia hata baada ya blanketi. Nikamuuliza kwa nini basi alisukuma mpaka saa sita na magoti yale. Akasema kwamba anayesukuma habishani. Halafu akasema alitaka kujua ni sentimita ngapi.

Sasa nikueleze lenyewe, kama ninavyolijua. Sikio langu la kushoto limepungua. Halikufa, limepungua. Lilianza baada ya ile homa ya mwaka jana, na mwanzoni nilidhani ni maji ya kuoga. Kisha nikaanza kuhamisha simu kwenda sikio la kulia. Kwenye mikutano ya waandishi nikaanza kuwahi kiti cha mwisho kabisa upande wa kushoto, ili watu wote wawe kulia kwangu, na wenzangu wakadhani nimepata maringo. Mama alikuwa akiniita toka jikoni nisiitike, naye akaamini kwamba mji umenipa kiburi. Mtu wangu mmoja wa mahakamani, anayenipa habari, alinisalimia kwa wiki nzima bila jibu, akaacha. Yote hayo nilikuwa nayajua, moja moja, na nikakataa kuyaweka kwenye ukurasa mmoja. Mwandishi wa habari akijulikana kwamba hasikii vizuri, kila atakachoandika kitasomwa na alama ya kuuliza pembeni. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nailinda. Sina miaka mingi ya kujifunza kazi nyingine.

Jumatatu baba alinipeleka hospitali, ingawa nilimwambia naweza kwenda mwenyewe. Walinifungia kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, nikavikwa kofia za masikio, nikapewa kitufe nibonyeze kila nisikiapo mlio. Kuna nyakati nilijua mlio ulipaswa kuwapo na sikuusikia, na kidole kikataka kubonyeza tu kwa kubahatisha. Sikubonyeza. Daktari alinionyesha mchoro: mstari wa kulia unatembea juu kama barabara, wa kushoto unateremka kama ngazi. Alisema ni mshipa wa fahamu wa sikio, hautarudi ulivyokuwa, lakini hauonekani kuendelea kushuka, na kifaa kidogo cha kuvaa sikioni kitasaidia sana. Baba alikuwa ameketi kulia kwangu. Aliuliza kifaa hicho kinapokea sauti za juu kufikia wapi, daktari akajibu, wakaanza kuzungumza namba za mawimbi wao wawili, na mimi nikawa kama mzazi aliyeleta watoto.

Mama hakuambiwa kwa hotuba. Tuliporudi baba alimwambia jikoni, na nilisikia sufuria likiwekwa chini. Chakula cha jioni kilipoandaliwa, mama, ambaye amekaa kushoto kwangu mezani tangu nikiwa mdogo wa kuwekewa mto kitini, alichukua sahani yake akazunguka akakaa kulia. Alisema tu kwamba huku kuna mwanga mzuri zaidi, wakati taa ni moja na iko katikati.

Jumanne nilimpigia mhariri wangu. Nilimwambia kama ninavyokuambia wewe, ila kwa maneno machache. Akasema kwamba kumbe ndiyo maana, na kwamba wao walikuwa wamekwisha amua mimi ni mtu wa kununa. Kazi yangu ipo. Nitakuwa narekodi kila mahojiano, na nitaweka kiti ninapotaka.

Sasa nimefika pale nilipokuambia usipakimbilie. Yote ya juu ningeweza kumwambia mtu yeyote. Hili ni lako.

Siku ile ya mwezi wa nne nilipokusindikiza stendi, ulitembea kushoto kwangu. Begi lako lilikuwa mkono wa kushoto na hukutaka linigonge, ndiyo maana ukakaa upande ule. Walikuwa wanachimba mtaro kando ya barabara, na pale kwenye duka la dawa jenereta ilikuwa nje, inanguruma. Ulianza kuongea tulipolipita duka la dawa. Uliongea mpaka geti la stendi. Nimepiga hatua hizo tena wiki hii kwa saa mkononi: ni dakika saba. Nilisikia nusu ya neno hapa na nusu pale. Nilikuona unatazama chini, nikaona mkono wako usio na begi unafunguka na kujifumba, nikajua kwamba ni jambo zito. Mwishoni ukanigeukia ukangoja. Na mimi nikasema, haya, tutaona. Nikakuambia uwahi, basi linajaa.

Nakumbuka uso wako. Hukukasirika. Ulipanda basi, ukakaa kwenye dirisha la upande wa pili, nisikokuona.

Mama aliniambia mwezi wa sita kwamba ulimwambia hivi: kwamba umemweleza dada jambo lililokuelemea kuliko yote, naye akakujibu kama mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha. Jambo lenyewe hukumwambia, na yeye hakuuliza. Nilikaa nikatafuta utetezi. Utetezi upo, sasa una hata mchoro wa hospitali. Lakini nataka niseme ukweli wote, kwa sababu nusu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kutosikia hakukuwa kosa langu. Kosa langu ni kwamba nilijua sikusikia, na nikajifanya nimesikia. Mimi, ninayewaambia mawaziri warudie sentensi mara tatu bila kupepesa, niliona haya kumwambia mdogo wangu, samahani, rudia. Nilichagua kuonekana nina masikio mazima kuliko kujua kilichokuwa kinakuumiza. Halafu nikaandika kichwani kwamba umeninunia bila sababu, na nikaishi na habari hiyo miezi sita bila kuthibitisha.

Kwa hiyo sijui uliniambia nini. Sijui hata kidogo. Sijui kama ni ugonjwa, au kazi, au mtu, au ni mimi. Sijui kama uliomba msaada au uliomba tu nisikie. Nakuomba radhi, na nakuomba urudie. Kama ni rahisi kwa kalamu, andika; maandishi hayana kushoto. Kama limeshapita na hutaki kulifukua, niambie hivyo hivyo na nitalipokea. Lakini kama bado liko nawe, lilete nyumbani.

Spika zimekaa vizuri sana; hukuuliza, lakini najua unataka kujua. Baba amebandika utepe sakafuni kwenye miguu ya stuli. Alama nyeupe ni zake na mama, zimelingana kwa sentimita. Mbele kidogo, upande wa kushoto tu, amebandika nyingine nyekundu. Hiyo ni yangu. Kila nikiingia sebuleni anainuka na magoti yake, anasukuma stuli ya kushoto mpaka kwenye nyekundu, anakaa. Nilimwambia kwamba nikipata kifaa cha sikio haitahitajika tena. Akasema kifaa kikija tutapima upya, na kwamba utepe hauli chakula. Mama amezoea. Amelitoa lile blanketi dirishani ila misumari ameiacha, anasema ni kumbukumbu ya vita.

Jana mchana tulikisikiliza kile kinanda cha santuri yako ya zamani, ile uliyoikwaruza kwa sarafu ukiwa na miaka sita. Kikwaruzo bado kipo. Nilikisikia katikati kabisa.

Baba anakusalimu, anasema ukija uje na nyaya nene zaidi, hizi ni nyembamba. Mama anakusalimu, na anarudia swali la chai. Majirani wa mlango wa pili wanakusalimu pia, na wanaomba tupunguze besi. Nitakuwa hapa mpaka Jumapili ile ya baada ya hii inayokuja, kwa sababu nimeomba nyongeza. Tumeweka kiti kingine sebuleni kando ya changu. Kiko upande wa kulia.

Ni mimi dada yako,
Bi Daftari